Ute Ndani ya Kopo

Boraksi iliingia nyumbani ikiwa imefungwa kwenye kipande cha gazeti, kama njugu za kuuza. Mjomba, sonara wa Mji Mkongwe wa Unguja, aliitoa mfukoni mwa kanzu Jumapili alasiri na kuiweka barazani mbele ya mpwa wake wa miaka 11, ambaye kwa wiki nzima alikuwa amemganda mama yake: ninunulie gundi, niombee boraksi kwa Mjomba. Chanzo ni kikopo cha slaimu ya kijani alichokinunua kwa mkono wa Idi. Siku ya tatu slaimu ilinasa kwenye mkeka wa Bibi ikakaukia humo humo. Kijana akaona kununua nyingine ni hasara. Atatengeneza yake, kama alivyoona kwenye simu.

Gundi ilikwishapatikana, ile nyeupe ya maseremala. Kilichobaki ni kuchanganya, na hapo ndipo mjadala ulipozuka, kwa sababu baraza la siku ile lilikusanya watu ambao kila mmoja ameingia kwenye kemia kwa mlango wake. Alikuwepo Mwalimu, jirani wa ghorofa ya juu, anayefundisha somo hilo sekondari. Alikuwepo mfamasia wa duka la dawa la kona, ambaye mtaa mzima humwita Daktari ingawa mwenyewe kila siku hukataa. Na alikuwepo Bibi, mkulima wa mwani wa Jambiani, ambaye huja mjini wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haitoki vya kutosha kumfikisha shambani kwake. Mama mwenye nyumba alikaa karibu na mlango, mtoto wake mdogo wa miaka 6 mapajani, akingoja kuona nani kati ya hawa atampa neno la kushika.

Wa kwanza kusema alikuwa Daktari. Aliifungua ile karatasi, akautazama unga mweupe, akaifunga tena.

"Hii nani ataishika?"

"Mtoto," Mjomba alijibu. "Mie naishika mwaka wa 30 huu. Mikono yangu hii hapa, itazame."

Jibu la Mjomba si la mtu asiyejua. Kwa sonara, boraksi ni kitu cha kila siku kama chumvi kwa mpishi. Dhahabu inapoyeyushwa, aliwaeleza, boraksi hunyunyizwa juu yake. Kwanza inachemka na kufura kama bisi, kwa sababu karibu nusu ya uzito wake ni maji yaliyojificha ndani ya chembe. Maji yakishatoka, inapofika kwenye nyuzi joto 743 hivi za Selsiasi inageuka kuwa kioo cha majimaji, na kioo hicho hukusanya kutu ya shaba na uchafu mwingine, dhahabu ikabaki safi chini yake. Tena wachimbaji wadogo wa Benguet, Ufilipino, huitumia kupata dhahabu pasipo zebaki, na wanajiolojia kutoka Denmark walikuja kuwaonyesha wachimbaji wadogo wa Tanzania Bara njia hiyo hiyo. Taarifa yao ilitoka mwaka 2010.

"Sasa kitu kinachomwepusha mchimbaji na zebaki," alimaliza Mjomba, "leo kimekuwa sumu kwa mtoto?"

"Kaka, ukiiweka karibu na zebaki kila kitu kitaonekana maziwa," Daktari alisema. "Hebu iweke karibu na mtoto."

Akaanza kusimulia kisa cha mwaka 1902. Katika miaka hiyo wauza nyama na siagi wa Marekani walikuwa wakitia boraksi kwenye bidhaa zao ili zisiharibike. Mkemia mkuu wa Idara ya Kilimo ya nchi hiyo, Harvey Wiley, alikusanya vijana 12 waliojitolea, akawaandalia meza mjini Washington na kuwalisha vyakula vilivyotiwa vihifadhio, kimoja baada ya kingine. Kilichotangulia kilikuwa boraksi. Vijana wale wenye afya walianza kuumwa kichwa na tumbo, wakapoteza hamu ya kula. Kazi ya Wiley ilisaidia kuleta sheria ya usafi wa chakula na dawa ya mwaka 1906.

"Wale walikuwa wanaume wazima na waliilamba makusudi," Daktari aliendelea. "Mtoto huilamba bila kujua. Anachezea, anakula kipande cha mkate, anafikicha jicho. Leo Umoja wa Ulaya umeiweka boraksi kwenye orodha ya kemikali zinazoweza kudhuru uzazi. Wizara ya Afya ya Kanada mwaka 2016 iliwashauri wazazi waachane na mapishi ya slaimu yanayoitumia. Mie siwaambii kwamba akiigusa leo atalazwa kesho. Nawaambia hakuna sababu ya kuanza."

Mwalimu alikuwa kimya muda wote huo, akikunja na kukunjua kipindo cha shati. Alipoingia mazungumzoni, aliingia kwa huzuni zaidi kuliko ubishi. Ana wanafunzi, alisema, wanaoweza kuandika maana ya polima kwa Kiingereza kizuri kwenye mtihani, neno kwa neno, na hawajawahi kuambiwa kwamba mfuko wa plastiki, kamba ya nailoni na gundi ya seremala ni ndugu. Kemia ya sekondari husomwa kwa lugha ambayo mtoto haitumii akiwa jikoni. Ikiwa mtoto wa miaka 11 amekuja mwenyewe na gundi mkononi anauliza, huyo haambiwi hapana.

"Na bila boraksi," aliongeza, "somo lenyewe halipo. Njoo, kijana."

Alimimina gundi kidogo kwenye kisosi, akaiinua kwa kijiti. Ikashuka taratibu, uzi mweupe mwembamba.

"Ndani ya hii kuna nyuzi. Huzioni, lakini kila uzi ni molekuli moja ndefu, ina viungo maelfu vinavyofanana, kimoja kimeshika kingine. Hiyo ndiyo polima. Nyuzi zenyewe zimelala shaghalabaghala, hazijashikana, kila moja inapita njia yake. Ndiyo maana gundi inamiminika."

"Kama usumba kabla haujasokotwa," Bibi alisema kutoka kwenye mkeka.

"Kama hivyo, Bibi. Sasa boraksi ikiyeyuka kwenye maji hutoa kitu kinaitwa borati. Borati moja ni kama mtu mwenye mikono minne. Miwili inashika uzi huu, miwili inashika uzi ule. Ukizifunga nyuzi hapa na pale, hapa na pale, unapata nini?"

Mtoto alifikiri kidogo. "Wavu."

Ni jibu ambalo lingemfurahisha Hermann Staudinger, mkemia wa Kijerumani aliyeandika mwaka 1920 kwamba mpira na vitu vingine vya jamii yake vimejengwa kwa molekuli ndefu mno zilizoungana kama mnyororo. Wakubwa wa kemia wa zama zake walimkatalia; molekuli za ukubwa huo, walisema, hazipo, ni vijimolekuli vidogo vilivyogandamana tu. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1953, miaka 33 baadaye. Kitu kilichowashinda maprofesa kukiona, mtoto wa Unguja alikiona kwa sababu nyavu amezikuta ufukweni tangu alipojua kutembea. Hapa Mwalimu alistahili kusikilizwa kuliko wote: mtoto akipewa mfano wa kwao, jambo zito humwingia.

Daktari hakuupinga wavu. Alisema tu, "Mwalimu, piga hesabu."

"Hesabu gani?"

"Ulaya wamewekea slaimu za madukani kiwango: boroni isizidi miligramu 300 kwa kilo. Mwaka 2018 taasisi ya watetezi wa wateja ya Uingereza, Which?, ilipima slaimu 11 zilizokuwa zinauzwa, na 8 zilikuwa zimevuka. Na hizo zimetoka viwandani. Hii ya simu ya mtoto ina kiasi gani?"

Kijana alisoma vipimo kwenye simu, Mwalimu akaandika kwa penseli pembeni mwa lile gazeti. Gundi gramu 120. Maji gramu 120. Boraksi kijiko kimoja cha chai, tuseme gramu 4, kwenye maji mililita 250, na maji hayo hutumika nusu. Kwa hiyo inaingia boraksi gramu 2. Boroni ni kiasi cha asilimia 11.3 ya uzito wa boraksi. Zinapatikana miligramu 226 za boroni katika mchanganyiko usiofika gramu 370.

Aliligeuza gazeti ili wote waone. Kwa kilo moja zinakuja miligramu 600 na ushei, mara mbili ya kiwango.

Wapo watakaosema kwamba kiwango kile hakipimwi kwa kila kilichomo, bali kwa kile kinachotoka kichezeo kikiwekwa kwenye tindikali inayofanana na ya tumboni. Mwalimu mwenyewe aliisema hoja hiyo, kisha akaijibu mwenyewe, na jibu lake lilikuwa onyesho zuri kuliko yote ya siku ile. Daktari alileta glavu kutoka dukani. Mwalimu akachanganya kwa mikono yake juu ya sinia, watoto wamekaa mbali kidogo, mikono nyuma kama walioambiwa wasiguse maandazi.

Maji ya boraksi yalipogusa gundi, ile gundi haikuganda kama saruji inavyoganda. Ilijikusanya. Ilikimbilia kijiko, ikakizunguka, ikaacha maji yake kwenye sinia, na baada ya kukandwa ikawa donge moja jeupe linalong'aa. Kwa usahihi zaidi, gundi nyeupe ni polivinili asetati iliyochanganyika na kiasi cha polivinili alkoholi, na ni huyu wa pili hasa ambaye borati humshika mkono. Mwalimu alilivuta lile donge polepole: likarefuka, likarefuka, likawa utepe unaoning'inia hadi magotini. Akalikusanya, akalivuta kwa ghafla: likakatika, paa, kama muhogo mbichi.

"Kwa nini?" aliuliza.

Mtoto mdogo alisema, "Limekasirika."

Mkubwa alisema, "Mafundo."

Ndivyo. Mafundo ya borati si ya kudumu. Yanafunguka na kufungwa tena wakati wote, yenyewe. Ukivuta taratibu yanapata nafasi ya kufunguka hapa na kufungwa pale, nyuzi zinapishana. Ukivuta kwa pupa hayapati nafasi, na kitu kizima kinapasuka. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alidhani mnato wa kimiminika haubadiliki kwa kasi ya kukikoroga. Maji yanamtii. Slaimu haimtii.

Kisha Mwalimu akakamua nusu ndimu juu ya donge. Kwa dakika moja halikufanya kitu. Akalikanda. Likaanza kulegea, likapoteza mng'ao, likashuka kati ya vidole vya glavu na kurudi karibu na gundi ya mwanzo.

"Tindikali ya ndimu imeichukua borati na kuigeuza kuwa tindikali ya boriki, na hiyo haina mikono minne ya kushikia. Mafundo yote yamefunguka. Nikitia magadi kidogo, yatafungwa tena." Akatia, akakanda, na yakafungwa, ingawa donge la pili lilikuwa na vipovu vingi, kwa kuwa magadi na ndimu vikikutana hutoa hewa ya kaboni dioksidi. "Sasa fikirini tumbo. Tumbo lina tindikali kali kuliko ndimu. Slaimu ikifika mle haiwezi kuishikilia boroni yake. Hesabu ya gazeti inasimama vile vile."

Mjomba aliinua gazeti lake lenye hesabu, akaufunga ule unga, akaurudisha mfukoni. Hakusema kitu, na hakuna aliyemshurutisha aseme.

Aliyebaki na kinyongo ni kijana. "Kwa hiyo nyinyi mmecheza," alisema, sauti ikimtetemeka, "mie nimetazama."

Wakubwa hupenda kuipita hoja ya namna hii haraka, nayo ndiyo ilikuwa hoja nzito kuliko zote barazani. Mtoto aliyeonyeshwa kemia ameona mazingaombwe. Kemia yenyewe inaanza pale anapobadilisha kitu kimoja kwa mkono wake mwenyewe na kungoja kuona. Mwalimu alipata anachotaka kufundisha, Daktari alipata usalama anaoutaka, na mwenye swali akaachwa mikono mitupu. Daktari, kwa haki yake, aliliona hilo mara moja, akamgeukia Mama: jikoni kuna nini?

Bibi ndiye aliyejibu.

"Mlenda mnaununua kwenye kopo, na mlenda umejaa jikoni."

Neno lake lilikuwa na uzito kuliko alivyodhani. Barazani watu walikuwa wakisema slaimu, slaimu, kana kwamba kitu hicho kimeteremka uwanja wa ndege. Kiswahili kimekijua siku nyingi: ute wa yai, utelezi wa bamia, mlenda wenyewe ambao kuna nyumba za Dodoma zisizoweza kula ugali bila huo, na ambao Magharibi mwa Kenya huitwa mrenda. Mtoto anayejua kwamba slaimu ni jamii ya mlenda ameshavuka nusu ya somo. Isitoshe, slaimu ya kwanza kuuzwa kama kichezeo, ile ya kampuni ya Mattel ya mwaka 1976, haikuwa na gundi ya seremala hata kidogo; ilitengenezwa kwa boraksi na utomvu mzito unaotokana na mbegu za guari, mmea wa jamii ya kunde unaolimwa sana India na Pakistan.

"Kunde!" Bibi alisema, na kwa mara ya kwanza akasogea karibu na sinia.

Akawaeleza anachokijua. Ukitaka mlenda uvutike, unatia magadi kidogo, majani yanalainika na utelezi unatoka wote. Ukitaka bamia zisivutike, unazipika na ndimu au nyanya.

"Ndimu tena!" kijana aliruka.

Mwalimu alivutwa kusema ni jambo lile lile. Hakusema, na kwa hilo anastahili heshima. Alisema matokeo yanafanana ila sababu ni nyingine. Kwenye slaimu ndimu hufungua mafundo. Kwenye bamia hakuna borati. Nyuzi za utelezi wake zinabeba chaji zinazosukumana, ndiyo maana zinajinyoosha na kuvutika, na tindikali ikizima chaji hizo nyuzi hujikunja zikawa fupi. Mtoto aliambiwa kweli mbili badala ya uongo mmoja rahisi.

Lakini Bibi aliyefungua mlango wa jiko ndiye pia aliyesimama mlangoni. Unga, alisema, hauchezewi. Amelea watoto sita kwa mwani na muhogo. Hatakaa atazame kikombe cha wanga kikimwagwa uani kwa sababu ya mchezo. Mama, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, alimjibu kwa adabu: "Mama, vijiko vinne tu. Na kitakachopikwa kitaliwa." Hiyo ikawa kanuni, na ni kanuni bora kuliko nyingi zilizoandikwa kwenye vitabu vya majaribio ya watoto. Inabana matumizi, na inahakikisha kwamba hakuna kisicholiwa kitakachoingia kwenye sufuria.

Jikoni hakukuwa na mihadhara. Wanga wa mahindi, ule mweupe wa kutengenezea kastadi, vijiko viwili kwenye bakuli, na maji ya baridi kijiko kimoja. Mkubwa alikoroga; kijiko kilikwama. Aliacha kukoroga, kijiko kikazama chenyewe. Mdogo alitia ngumi bakulini na ngumi ikadunda bila kulowa. Akaweka kiganja taratibu, kikazama hadi chini, na alipotaka kukichomoa kwa haraka bakuli zima lilimfuata juu. Alicheka mpaka akakaa chini. Alifinyanga kidonge, akakiviringisha, na mara alipoacha kukiviringisha kikamyeyukia katikati ya vidole na kudondoka.

"Hii si kemia," Mwalimu alisema, akiegemea mlango. "Hapa hakuna kilichoungana na kitu. Chembe za wanga zinaelea kwenye maji machache. Ukizigonga ghafla zinabanana, maji yanakosa pa kupita. Ukizipa muda zinateleza. Hii ni fizikia."

"Na ikiwekwa motoni?" Mama aliuliza.

Swali hilo ndilo lililopindua alasiri. Vijiko viwili vingine, wanga ule ule, safari hii na maji mengi, sufuria juu ya jiko la gesi, mtoto mkubwa akikoroga na mkono wa mama yake ukiwa juu ya wake. Kwa dakika kadhaa yalikuwa maji meupe tu. Halafu, bila onyo, kijiko kikawa kizito, weupe ukaanza kuwa ung'aavu, na kilichokuwa kikisukasuka kama tui kikawa uji. Chembe za wanga wa mahindi zinapofika kati ya nyuzi joto 62 na 72 hunywa maji, hufura na kupasuka, na nyuzi zilizokuwa zimefungashwa ndani humwagika na kutapakaa. Kila anayepika ugali anakitambua kipindi hicho kwa mkono. Mpishi wa halua ya Kizanzibari, anayekoroga wanga, sukari na samli kwa saa nzima na zaidi, anakitambua kuliko mkemia.

Kijana aliuchota uji, akaupuliza.

"Ukipoa, utarudi unga?"

Watu wazima walikuwa na jibu, na wote, kwa ajabu nzuri, walinyamaza. Uji uliliwa na sukari. Kibakuli kimoja kiliachwa juu ya kabati hadi asubuhi.

Siku ya pili kilikuwa kimeganda, kimejivuta kutoka ukingoni, na juu yake kulikuwa na maji kidogo. Kijana alikichoma kwa kidole. Hakikuwa uji na hakikuwa unga. Mama alimwambia ndivyo kiporo cha ugali kinavyokuwa kigumu: nyuzi zilizotapakaa zinapopoa hujipanga upya na kukamua maji. Hazijui tena njia ya kurudi kwenye chembe zilimotoka.

Zamu ya Bibi ilifika Jumatatu jioni. Alikuwa amekuja mjini na mfuko wa mwani mkavu, aina ya spinosamu, ile yenye matawi ya vimiba. Zao hili lilianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake wa pwani ya mashariki ambao huufunga kwenye kamba kati ya vijiti na kuuvuna maji yakitoka. Sehemu kubwa husafirishwa mkavu. Nje hukamuliwa karajinani, ambayo huingia kwenye aiskrimu na dawa ya meno ili visijitenge. Kwa hiyo Bibi amekuwa akiuza polima maisha yake yote ya kazi, na hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo hadi wiki hii.

Aliuosha mara nne kutoa chumvi na mchanga, akauloweka, akauchemsha hadi ukalegea, akauchuja kwa kitambaa. Mjukuu alimimina maji yale mazito kwenye vikombe, na mara hii hakuelekezwa. Alikuwa ameshika daftari. Yalipopoa yakawa jeli laini ya kutikisika. Kikombe kimoja akakirudisha motoni bila kuambiwa na mtu, huku Bibi akimtazama pembeni. Jeli ikayeyuka. Akakipoza. Ikaganda tena.

"Hii inarudi," alisema.

Usiku ule alipasua ukurasa kwa mstari wa kati. Upande mmoja aliandika INARUDI, upande wa pili HAIRUDI. Mwani aliuweka wa kwanza. Uji aliuweka wa pili, na chini yake ute wa yai, baada ya kumwomba mama yake amkaangie yai na kulitazama likigeuka jeupe. Wanga wa baridi aliuweka upande wa kwanza kisha akaufuta, akaandika kando: haukwenda kokote. Slaimu ya boraksi ilimsumbua. Ndimu iliifungua na magadi yakaifunga, kwa hiyo inarudi. Lakini haikurudi vile vile, ilikuwa na vipovu na ilikuwa laini zaidi. Mwishowe aliiandika juu ya mstari wenyewe, nusu huku, nusu kule.

Mwalimu alionyeshwa ukurasa huo Jumanne kwenye ngazi, akausoma mara mbili akiwa amesimama na mkoba begani. Mabadiliko yanayorejeshwa na yasiyorejeshwa ni mada ambayo mtoto huyu ataikuta tena shuleni kwa jina refu la kigeni. Mwalimu hakumpa hilo jina. Alimwuliza tu kwa nini wanga wa baridi uko peke yake, akasikiliza jibu, akashuka kwenda kazini.

Ijumaa maji yalianza kutoka na Bibi akafunga virago. Kijana alimfuata hadi kituo cha daladala na ombi. Amesikia kuna mwani wa pili, kotonii, mnene zaidi, ambao jeli yake ni ngumu kuliko ya spinosamu. Anataka kuziweka mbili pamoja, kipimo kimoja, maji yale yale, aone ipi itabeba sarafu juu yake bila kuzama. Bibi alimwambia kotonii siku hizi ni adimu. Bahari imekuwa ya moto na wenyewe hauvumilii, unaoza kabla ya kuvunwa. Wachache wanaoupata huufuata kwenye maji ya kina.

"Kidogo tu, Bibi. Gramu 50."

"Gramu hamsini ndiyo kiasi gani?"

Akamwonyesha kwa viganja viwili. Bibi alivitazama viganja vile, akachukua kikaratasi alichoandikiwa, akakifunga kwenye pindo la kanga mahali anapofunga nauli, akapanda.